Njia ya Kurudi Hupangwa Kwanza

Mlikuja na simu zenu, wanangu, mkaketi sebuleni kwangu hapa Bertrams, Johannesburg, mkaniomba niwafundishe kupanga safari za kutwa kutoka Logroño. Mjukuu wangu Salma akawaletea chai, yule ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kizulu. Nimesikia mmekodi chumba mtaa wa La Rochelle, juu ya duka la nyama, na mmeshabandika picha ya zabibu dirishani. Vizuri. Lakini nilipowauliza mteja akitoka hotelini asubuhi atarudi vipi jioni, mmoja wenu alicheka akasema, "Bibi, si atarudi alikotokea?" Mimi sikucheka. Ndiyo sababu nimekaa kuandika haya, maana kwa mdomo ninyi hamsikilizi, mnachungulia simu.

Nilifanya kazi hiyo mjini hapa mpaka magoti yalipozikataa ngazi za ofisi. Watu wa Johannesburg walikuwa wakienda Rioja, jimbo la mvinyo kaskazini mwa Hispania, wakifikia hoteli za Logroño kwa juma zima. Sasa mvinyo haujazi juma zima, hata mnywaji awe hodari namna gani. Siku ya tatu anaanza kuuliza kuna nini kingine. Hapo ndipo nilipoingia mimi, mama wa Kiislamu kutoka Tanga ambaye sijawahi kuonja hata tone, nikawapangia siku za kutoka asubuhi na kurudi jioni: leo makanisa ya kale, kesho milimani, keshokutwa baharini. Wenzangu ofisini walinitania kwamba ratiba ya mvinyo haina budi kushikwa na mtu asiyelewa.

Mambo madogo nitawapa yote, msiwe na haraka. Kule mchana watu hufunga. Si kufunga kwa mwenye spaza, kiduka cha mtaani, anayekwenda kuswali akaacha mlango nusu, la, wanafunga kweli, mtaa unakuwa kimya mpaka jua lipungue makali. Niliwahi kuwafikisha wanakwaya wa Kikongo kutoka mtaa wa Berea kwenye kijiji kimoja kizuri sana wakati huohuo. Wao hawakuwa wanywaji, walitaka kuona nyumba za watawa tu. Wakakaa kwenye ngazi za kanisa wakila biskuti, na kiongozi wao, mama mmoja wa Bukavu, akanipigia simu kwa upole mno: "Mama Zuhura, huku hata imbwa zimelala. Tuziamshe?" Tangu siku hiyo nilipanga chakula cha mchana kabla ya kitu kingine chochote. Jumatatu makumbusho mengi hayafunguliwi. Jumapili basi la kijijini ni la kubahatisha. Na ukimpeleka mteja Santo Domingo, mwambie mapema kwamba ndani ya kanisa kuu kuna jogoo na kuku jike, wazima, kwenye kizimba chao cha heshima, ndiyo desturi yao tangu zama. Usipomwambia ataleta malalamiko kwamba amepelekwa bandani.

Aliyenifunza yote hayo alikuwa Dona Amélia, Mreno wa La Rochelle hukohuko mlikokodi ninyi, mjane wa sauti nene aliyevutia sigara zake dirishani. Hakunipa kompyuta. Alinipa ramani ya karatasi, akaniambia niweke kidole Logroño nitembee. Kila kijiji nilitaja jina kwa sauti, na kila daraja nilitaja mto wake. Nikifika mwisho nikadhani nimemaliza, alinigonga kiganja: rudi. Na kurudi hakutaka kwa njia ileile tu. "Kwenda kila mtu anajua," alikuwa akisema. "Jioni mteja amechoka, mvua inanyesha, barabara imefungwa. Haya, mrudishe." Kwa hiyo tulipanga kurudi kwanza, njia mbili au tatu za kurudi, ndipo tukapanga kwenda. Nilimchukia miezi ya mwanzo, sifichi. Baadaye nikajikuta natembeza kidole hata nyumbani, nikisubiri wali ukauke, huku wanangu wakidhani mama yao amerogwa na vijiji vya Wazungu.

Kati ya safari zote nilizopanga, moja ndiyo ninayotaka muibebe. Mengine mkisahau nitawasamehe.

Siku moja aliingia ofisini msichana mjamzito, mimba pevu, na nyuma yake baba mmoja mrefu ameshika kofia kifuani. Msichana alikuwa Thandeka, na yule alikuwa baba yake, Baba Ngubane, mtu wa Soweto. Thandeka ndiye aliyezungumza. Kaka yake Sandile alisomea utengenezaji wa mvinyo, akaenda Rioja kwa kazi za mavuno, wenye kiwanda wakampenda wakambakiza. Siku yake ya mapumziko alichukua pikipiki ya rafiki akapanda milimani, kwenye barabara inayofuatana na mto Najerilla, juu ya mji mdogo wa Anguiano. Mvua ikamkuta kwenye kona. Maiti yake ililetwa, ikazikwa kwa heshima zote. Ila baba mtu alikuwa na neno lake moja, na hilo alilisema mwenyewe, taratibu: mwili ulikuja peke yake, mwanangu hakurudi. Mke wake alikuwa hapati usingizi. Akifumba macho anamwona kijana amesimama barabarani, hajui pa kwenda.

Wengi wenu mmezaliwa mjini hapa, desturi hii labda mmeiona kwa majirani. Mtu akifia mbali, mzee wa familia huenda mpaka mahali penyewe na tawi la mti wa miiba uitwao umlahlankosi. Hulilaza chini, humwita marehemu kwa majina ya ukoo wake, kisha huondoka naye. Kuanzia hapo mbebaji hasemi na mtu yeyote mpaka afike nyumbani. Husema na marehemu tu, akimweleza njia: sasa tunavuka mto, sasa tunapinda, sasa tunapanda gari. Marehemu ana kiti chake, hakikaliwi. Asipoelezwa njia hubaki alipoachwa, na mbebaji akimjibu mtu mwingine kazi yote huharibika.

Mwenzangu mmoja wa meza ya pili alianza kutabasamu. Nilimtazama, akaona afadhali akatafute karatasi chumba kingine.

Thandeka akafungua kifurushi cha gazeti, akanionyesha tawi la mfano. Majani yale nilikuwa nayajua. Mti ule ni ndugu wa mkunazi, na kwetu Tanga majani ya mkunazi ndiyo tunayoyatia kwenye maji ya kuoshea maiti. Niliyatwanga kwa mikono yangu siku tuliyomwosha mama. Kumbe Wazulu nao walikuwa na mti huohuo kwenye mlango uleule wa kifo, na mimi nimeishi nao miaka yote bila kujua.

"Eish, Mama," Thandeka akaniambia, "mimi na tumbo hili siruhusiwi kwenda mahali pa kifo. Na Baba akishambeba hawezi kusema na mtu. Atahitaji mdomo. Uwe mdomo wake."

Mwaka ule ilikuwa zamu yangu kuongoza kundi la wanywaji, basi nikamtia Baba Ngubane humo. Sasa sikilizeni kazi. Tawi tuliliombea kibali cha wakaguzi wa mimea, maana jani likifika mpakani bila karatasi linatupwa. Kwenye ndege ya kurudi tulichukua kiti cha pili kando yake. Logroño nilimtafuta dereva Julián, mtu wa makamo asiyependa soga, nikamweleza kila kitu kabla hatujaondoka, ili asije akamuuliza mzee kama amesikia baridi. Siku ya wenzetu kushinda kwenye maghala ya mvinyo ndiyo tuliyoifanya siku ya Sandile.

Halafu nikamfundisha mzee kurudi. Alikuja ofisini mara kadhaa, akavua kofia, akaweka kidole chake kikubwa kwenye ramani pale mwanawe alipofia. Anguiano. Bobadilla. Baños. Nájera. Logroño. Alijifunza majina yale kama mtoto anavyojifunza sura fupi za Kurani, bila kujua maana, kwa kuogopa kukosea. Mara nyingine alisita, akafumba macho, akaanza upya kutoka Anguiano. Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama yule, na wala sikumgonga kiganja.

Siku ikafika. Tulipanda asubuhi, ukungu umekaa juu ya mto. Julián akasimamisha gari kwenye kona, akazima injini, akashuka akasimama mbali na kofia mkononi. Mzee akalilaza tawi kando ya barabara. Nilijua atalia, hakulia. Aliita. Aliita majina ya ukoo wa Ngubane moja baada ya jingine kwa sauti ambayo sikudhani anayo, na mlima wa pili ukawa unamrudishia. Kisha akainama akasema, "Woza, Sandile. Njoo, mwanangu, twende nyumbani." Akaliokota tawi kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Tangu hapo kinywa chake kikafungwa kwetu.

Tawi likawekwa kwenye kiti cha nyuma, kando yake. Julián, ambaye hakuna aliyemwambia afanye hivyo, akafungua mlango wa upande ule na kulifunga mkanda. Niligeuza uso dirishani.

Tukaanza kushuka. Mzee akamwambia mwanawe kwamba sasa tunakwenda Anguiano. Kabla ya kufika Anguiano tukamkuta mtu wa koti la manjano katikati ya barabara, anapunga mkono. Nyuma yake mawe yalikuwa yamemwagika kutoka mlimani, mengine makubwa kuliko gari letu. Yalikuwa yameanguka baada ya sisi kupita. Julián alishuka, akaongea naye, akarudi anatikisa kichwa. Barabara imefungwa mpaka kesho au zaidi. Njia iliyobaki ni kugeuza, kupanda tena tulikotoka, kukatisha milima na kuangukia bonde jingine kabisa.

Nikageuka kumtazama Baba Ngubane. Wanangu, mimi nimeona watu waliopotelewa na pasipoti, nimeona watu walioachwa na ndege, sijaona uso kama ule. Majina yote aliyojifunza yalikuwa upande wa pili wa mawe. Anguiano, Bobadilla, Baños, hakuna hata moja la kumfaa tena. Gari lilikuwa linageuka kuelekea mlimani, mbali na nyumbani, na tungepita tena kwenye kona ileile. Kijana akiona hivyo si atadhani anarudishwa? Si atashuka? Na mzee hakuweza kuuliza. Alifungua mdomo kuelekea kwenye tawi, hakuna jina lililotoka. Mkono wake ukaushika ule mkanda.

Nami niliogopa. Nikimsemesha yeye, anaweza kunijibu kwa kusahau, na hapo tumempoteza kijana mbele ya macho yangu. Nikinyamaza, tumempoteza vilevile. Simu zilikuwa hazina mtandao kwenye bonde lile, na hata zingekuwa nao, simu ingesema kulia na kushoto tu. Halafu kuna jambo jingine lililonibana, kwamba mimi ni Mwislamu, na kuzungumza na wafu si mchezo. Lakini nikakumbuka kwamba sisi tukipita makaburini tunawasalimia waliolala, tena kwa adabu. Mtu anayesalimiwa anaweza pia kuelekezwa njia. Nikageuka kwenye kiti changu, nikaangalia tawi, si mzee, nikatumia Kizulu changu cha sokoni.

"Sandile, mimi ni Mama Zuhura wa Bertrams, nimekuja na baba yako. Barabara ya chini imezibwa na mawe. Tunapanda juu ili turudi nyumbani. Tutapita tena kwenye ile kona. Usishuke."

Mzee akamwinamia mwanawe, akarudia maneno yangu kwa Kizulu chenye heshima yake, neno kwa neno, na pale pa mwisho akaongeza nguvu. Usishuke, mwanangu. Tukaipita kona. Julián hakupunguza mwendo wala hakuongeza.

Baada ya hapo nilitembea. Siku hiyo nilielewa kwa nini yule mama wa sigara aliniadhibu vile. Nilikuwa sijawahi kukanyaga barabara ile, lakini kidole changu kilikuwa kimeikanyaga mara zisizo na hesabu, wali ukiwa jikoni. Nikamwambia Sandile kwamba sasa tunauacha mto Najerilla, auage. Sasa tunaingia Brieva, kijiji cha wafugaji wa kondoo. Sasa tunapanda, tutafika juu kabisa, kutakuwa na upepo. Sasa tunashuka Ortigosa, kuna madaraja mawili marefu juu ya korongo, asiangalie chini kama anaogopa. Sasa huu ni mto Iregua, huu ndio utakaotupeleka. Torrecilla. Kila nilipotaja, mzee alirudia kwa sauti ya chini, na nikasikia sauti yake inaanza kupata mwili. Tulipoona mashamba ya mizabibu ya tambarare na nyumba za Logroño kwa mbali, alinyoosha miguu kwa mara ya kwanza. Julián alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasingizia jua.

Nisiwachoshe na viwanja vya ndege. Afisa wa pasipoti alimuuliza mzee swali, nikalijibu mimi, afisa akatazama tawi, akanitazama, akagonga mhuri. Ndani ya ndege bwana mmoja wa kundi letu, amechangamka kidogo, alitaka kuweka koti lake kwenye kile kiti kitupu. Nikamwambia kina mwenyewe. Akaangalia, akaelewa kitu, akalikumbatia koti lake njia nzima.

Tulipotua Johannesburg ikawa zamu yangu kunyamaza, maana sasa mzee alikuwa kwake. Alimweleza mwanawe kila kitu: hii ni barabara kuu, hii ni robot, taa ya barabarani, imewaka nyekundu tunasubiri, pale ndipo ulipokuwa ukinunua viatu vya mpira, hii ni shule yako. Mbele ya geti mama mtu alikuwa amesimama na shuka mabegani, na Thandeka kando yake na mtoto mchanga. Hakuna aliyesema. Baba Ngubane alipita katikati yao na tawi, akaingia ndani, na tukasikia sauti yake kutoka chumbani: "Sesifikile." Tumefika. Hapo ndipo yule mama alipokaa chini palepale kizingitini akalia, na kilio chake hakikuwa cha msiba tena.

Mzee alitoka baadaye akanikuta uani nakunywa maji. Nilikuwa mtu wa kwanza aliye hai aliyesema naye tangu kwenye ile kona. Nilidhani atanishukuru.

"Mama Zuhura," akasema, "na wewe kwenu ni mbali. Siku yako ikifika, nani atakutajia madaraja?"

Nikamjibu kwa haraka ya mtu aliyezoea kuwa na jibu. Nikamwambia sisi Waislamu tunazikwa tunapofia, ardhi yote ni ya Mungu, roho zetu hazihitaji kuelekezwa. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyoitikiwa mgeni ambaye hajafahamu alichoulizwa. Nilipanda gari nikarudi Bertrams, na njiani jibu langu likaanza kuniuma. Lilikuwa jibu sahihi, na bado naliamini. Lakini yeye hakuniuliza nitazikwa wapi. Aliniuliza kama kuna mtu mmoja wa damu yangu anayeijua njia.

Hakuwepo. Watoto niliowazaa wanaijua Tanga kwa picha. Salma aliijua kama jina lililoandikwa kwenye pasipoti ya bibi yake. Nilikuwa nimewarudisha watu wa kila namna hotelini kwao, na kwangu mwenyewe nilikuwa sijapanga kurudi.

Kwa hiyo msinishangae mkija Jumapili mkakuta ramani ya Afrika imetandikwa mezani badala ya kitambaa. Salma huweka kidole Bertrams akatembea. Musina. Mto Limpopo. Harare. Mto Zambezi pale Chirundu. Lusaka, Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro. Chalinze, halafu daraja la Wami. Hutaja kwa kulalamika, kama nilivyolalamika mimi mbele ya Dona Amélia, na hunijibu Kizulu nikimsahihisha. Segera ndipo penye taabu, kwa sababu hapo njia zinaachana, kushoto unakwenda Korogwe na Moshi, kulia Tanga, naye kila mara alikuwa akisita na kunitazama usoni. Simsaidii. Naangalia pembeni.

Jumapili iliyopita kidole chake kilifika Segera, nikazuia pumzi. Hakunitazama. Kikapinda kulia, kikapita Muheza, naye akasema polepole, kwa Kiswahili, "Bibi, tumekaribia."